Utitiri wa Vumbi Chumbani: Anza na Godoro, Fagio Baadaye

"Fundi, ukinishonea kava la zipu, chafya zitaisha?"

Nimekaa kwenye cherehani hapa Tanga miaka mingi, na swali hili linaletwa na watu wa kila namna. Mama ana mtoto anayekohoa saa tisa za usiku. Kijana anaamka pua imeziba kila siku ya Mungu, na ikifika saa nne asubuhi yuko mzima kama hakuumwa. Mzee kaambiwa ana aleji ya vumbi, karudi nyumbani na vidonge tu, hakuna aliyemwambia vumbi lenyewe liko wapi. Jibu langu kwao ni moja: kava peke yake halitoshi. Kava likifuatana na mambo mengine manne matano, nafuu utaiona. Nimechoka kuyaeleza nusunusu huku mguu uko kwenye pedeli, basi nimeyaandika yote hapa.

Mimi si daktari. Nina mtoto mwenye pumu, na mengi ya hapa nilielekezwa kliniki anakotibiwa. Mengine nimeyajua kwa kukosea.

Unapambana na nini

Utitiri wa vumbi ni jamaa ya kupe na buibui. Una miguu minane, urefu wake kama robo ya milimita, kwa hiyo kwa macho huuoni. Hauumi wala haunyonyi damu. Chakula chake ni vipande vidogo vya ngozi iliyokufa vinavyotutoka usiku kucha, na makazi yake ni pale vinapodondokea: godoro, mto, blanketi, kapeti la manyoya. Maji haunywi, unafyonza unyevu ulio hewani. Hapo ndipo sisi wa pwani tunapokomeshwa, maana hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja ina unyevu wa kuutosheleza karibu mwaka mzima.

Kinachokupigisha chafya hasa ni kinyesi chake. Ni chembe ndogo mno lakini nzito kidogo: ukitikisa shuka zinaruka, ukiacha kutikisa zinatua ndani ya nusu saa hivi. Zamani hata madaktari walilaumu "vumbi la nyumba" kwa jumla, hadi mwaka 1964 Reindert Voorhorst na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walipoandika kwamba chanzo ni mdudu huyu. Nadharia naiishia hapo.

Dalili zinazoelekea huku ni hizi: chafya na pua kuziba unapoamka, macho kuwasha, kikohozi cha usiku, na hali kuwa mbaya zaidi unapotandika kitanda. Ukisafiri ukalala kwingine ukapata nafuu, shaka inazidi. Uhakika unapatikana kwa kipimo cha aleji, cha ngozi au cha damu, kwenye hospitali zenye huduma hiyo. Lakini hata bila kipimo, hakuna kazi ya hapa chini itakayokudhuru ukiifanya kwa uangalifu.

Andaa kabla ya kuanza

- Siku moja ya jua kali. Kaskazi, kati ya Desemba na Februari, ndiyo wakati wake. Masika usijisumbue, utaanika godoro ulirudishe bichi.
- Mtu wa kufanya kazi asiye na aleji. Akikosekana, mgonjwa avae barakoa inayobana vizuri.
- Sufuria kubwa, ndoo mbili imara, na mti wa kugeuzia nguo.
- Dekio, na vitambaa vitatu vinne vya pamba vya kufutia.
- Kitambaa cha kava, zipu inayouzwa kwa mita na uzi (vipimo viko hatua ya 5).
- Makontena ya plastiki yenye vifuniko, au mabegi yanayofunga.
- Kipima unyevu kidogo cha betri, kama mfuko unaruhusu. Si lazima.

Mashine ya kufyonzea vumbi sijaiweka humo makusudi. Kama unayo na ina chujio la HEPA, lile linalonasa hata vumbi laini, itumie. Kama haina chujio hilo, inanyonya vumbi kubwa mbele na kutema lile laini nyuma, na hilo laini ndilo linaloingia kifuani.

Hatua kwa hatua

1. Toa kila kisicholala.

Chumba cha kulala kimegeuka stoo kwa wengi wetu. Juu ya kabati kuna mabegi, chini ya kitanda kuna masufuria ya shughuli, nyuma ya mlango zimening'inia nguo tabaka tatu. Toa vyote nje. Nguo zinazobaki chumbani zikae ndani ya kabati lililofungwa au kontena lenye kifuniko. Kapeti la manyoya liondoke kabisa, hata kama ulipewa harusini. Kapeti la plastiki halina neno, linafutika. Mkeka nao si mbaya, mradi uukung'ute nje na kuuanika kila wiki.

Ukikuta chini ya kitanda vitone vyeusi kama majani ya chai yaliyosagika, hao ni mende, na kinyesi chao kinaleta aleji na kuamsha pumu vilevile. Tumia dawa ya mende ya jeli, weka tone pembeni na kwenye bawaba za kabati, mbali na mikono ya watoto. Usipulize dawa ya kopo kwenye chumba cha mtu mwenye kifua. Na kuanzia leo hakuna kula kitandani.

Anayeishi kwenye chumba kimoja cha kupanga ataniambia, fundi, vyombo nivipeleke wapi? Najua. Vyombo na unga viweke kwenye ndoo zenye vifuniko upande wa mlango, kitanda kikae upande wa dirisha, na jiko liwake nje barazani kila inapowezekana. Moshi wa mkaa ndani ya chumba cha kulala ni hatari hata kwa asiye na pumu.

2. Anika godoro, mito na mablanketi.

Toa godoro saa nne asubuhi, umande ukishakauka, ulirudishe saa tisa alasiri. Liegemeze kwenye viti viwili ili hewa ipite chini, na ligeuze saa saba. Godoro la sponji liache na kitambaa chake, kwa sababu sponji tupu ikipigwa na jua mara kwa mara inageuka njano na kuanza kumeguka.

Jua linaukausha utitiri wa juu juu na kupunguza unyevu. Ule uliojichimbia katikati ya sponji ya nchi 8 haufikiwi. Ndiyo maana kuanika ni mwanzo tu, na kava linabaki kuwa la lazima. Wapo wanaoanika kila Jumamosi kwa uaminifu na chafya haziondoki, kwa kuwa kinyesi cha miaka mitano bado kimo ndani na kila wanapojigeuza usiku godoro linakipumulia nje.

Kulipiga godoro fimbo ni kazi ya uani, upande ambao upepo hauelekei dirishani, na mgonjwa awe mbali. Nimeona watu wanalipigia mlemle chumbani.

3. Safisha chumba kwa maji, kuanzia juu.

Fagio la chelewa liache nje leo. Kufagia kukavu kunainua vumbi, na wewe umeinama humohumo. Lowesha kitambaa, kikamue, kisha fuata mpangilio huu: pembe za dari, mapanga ya feni, juu ya kabati, fremu za madirisha na wavu wa mbu, kichwa cha kitanda, chaga moja moja, halafu ukutani sehemu kitanda kinapogusa. Suuza kitambaa kila maji yanapoonekana machafu. Mwisho piga deki, mara mbili.

Feni ya panga boi inasahaulika kuliko kitu chochote. Vumbi hujikusanya upande wa juu wa mapanga, usioonekana, na usiku linamwagwa juu ya chandarua. Zima umeme, vua foronya kuukuu, uvishe panga zima kama soksi, kisha uivute taratibu. Uchafu unabaki ndani ya foronya na kitanda hakipati kitu.

Mapazia mazito yenye matabaka badilisha kwa kitambaa chepesi kinachofuliwa kila mwezi. Nasema hivi na mimi mapazia ndiyo riziki yangu.

Ukimaliza, fungua madirisha na toka. Mwenye aleji asiingie kwa saa moja mbili, vumbi litue na sakafu ikauke.

4. Fua matandiko kwa maji ya moto.

Shuka, foronya na blanketi jepesi vinatakiwa kukaa kwenye maji ya nyuzi 60 au zaidi ili utitiri ufe. Maji ya baridi na sabuni yanaondoa kinyesi vizuri, ila wenyewe wengi wao wanapona, wanang'ang'ania nyuzi. Wengi wetu mashine ya kuchemsha maji hatuna, kwa hiyo fanya hivi:

Kwanza loweka nguo kwenye maji ya baridi na uondoe madoa ya maziwa, damu au jasho zito. Doa la damu likikutana na maji ya moto kwanza, umelipiga muhuri. Kamua. Kisha kwenye ndoo tia sufuria moja ya maji ya baridi, halafu mbili za ukubwa uleule zilizochemka kweli, za kutokota. Anza na ya baridi, usije ukalainisha kitako cha ndoo. Mchanganyiko huo unakuja kwenye nyuzi sabini na kitu, na nguo zikiingia unashuka hadi sitini na kitu. Tia sabuni, zamisha kwa mti, funika na sinia, acha dakika 15 hadi 20. Maji yakiwa ya kuweza kutumbukiza mkono ukaufuata wimbo wa redio, hayo si ya moto.

Kisha fikicha, suuza mara mbili, anika juani.

Tahadhari mbili. Ndoo ya maji ya moto isikae mahali mtoto anatambaa, hata kwa dakika moja ya kwenda kufungua mlango. Na kanga mpya au batiki zinachuja rangi, kwa hiyo matandiko ya mwenye aleji yawe ya pamba nyeupe au rangi isiyotoka.

Mkaa ni ghali, najua. Ukilazimika kubana, vichemshie foronya na shuka ya chini, ambavyo ndivyo vinavyogusa uso na ngozi, mara moja kwa wiki. Vingine fua kwa baridi, anika juani, kisha pitisha pasi ya moto taratibu pande zote mbili.

5. Shona kava na uvishe godoro.

Hapa ndipo kwangu, mnivumilie.

Kava tunalolizungumzia linafunika godoro pande zote sita, na chini pia, na linafungwa kwa zipu. Shuka la lastiki linaloshika pembe nne siyo kava. Yanayouzwa tayari kwa ajili ya aleji yamefumwa kwa matundu yasiyozidi mikroni 10, yaani sehemu kumi tu za milimita iliyogawanywa mara elfu. Ukilipata na bei unaiweza, nunua, umalize kazi.

Ukishonesha, kitambaa ndicho kila kitu. Kitambaa cha marekani hakifai, kimefumwa wazi. Kitenge chepesi hakifai. Chukua pamba au pamba iliyochanganywa na polista, ya mashuka, iliyofumwa kwa kubana. Dukani ninapima hivi: nakiinua kwenye taa, nikiona vitundu vya mwanga nakirudisha, nakiweka mdomoni napuliza, pumzi ikipita kirahisi nakirudisha. Ni kipimo cha fundi wala si cha maabara, lakini kinaondoa vitambaa vibovu.

Kwa godoro la 5 kwa 6 nchi 8, ukipata kitambaa cha upana wa mita 2.4, nunua mita 4. Kiloweke, kikauke, kipigwe pasi kabla ya kukatwa. Kava linalobana likifuliwa kwa maji ya moto likaruka hata sentimita tatu, halivai tena. Kata:

- vipande viwili vya sentimita 156 kwa 187, vya juu na chini;
- mikanda ya upana wa sentimita 24, ukiunganisha ifike mita 6.8, ya kuzunguka ubavuni;
- zipu ya mita 3, ishike ubavu wote mrefu na kukata kona mbili kiasi cha nusu mita kila upande. Zipu ya ubavu mmoja tu utalaani siku ya kuingiza godoro.

Mwambie fundi atumie sindano nyembamba, namba 11, na mishono midogo. Sindano nene inaacha matundu mstari mzima. Kila mshono ushonwe mara mbili. Juu ya zipu kiwepo kikunjo cha kitambaa cha kuifunika, na mwisho zipu inapoishia pabaki pamefungwa. Hapo ukiacha upenyo wa kidole, godoro linapumua kupitia hapohapo.

Livisheni watu wawili, nje, godoro likiwa limetoka juani na limekauka. Godoro bichi ndani ya kava ni ukungu uliofungiwa. Kava lenyewe halifuliwi kila wiki: lifute kwa kitambaa kibichi unapobadilisha shuka, livue na kulifua baada ya miezi kadhaa.

Na lile nailoni la dukani ambalo wengi hawalitoi? Watu wanalicheka, lakini utitiri haulipenyi. Ubaya wake ni joto, kelele, na kupasuka pembeni baada ya miezi michache. Kwenye kitanda cha mtoto mchanga liondoe kabisa. Nailoni iliyolegea inaweza kumziba pua.

6. Shughulikia mito.

Mto ndio unaolala nao uso kwa uso, kwa hiyo ukiwa na pesa ya kitu kimoja wiki hii, anza na mto. Mto wa sufi wa miaka kumi ni hazina ya vumbi. Wazee wetu walikuwa wakiufungua, wanachambua sufi, wanaianika na kuirudisha. Kazi nzuri, ila ifanywe na mtu mwenye barakoa, mbali na mgonjwa, na baadaye mto bado uvishwe kava la zipu ndani ya foronya. Mwenye pumu kali ningemwambia aachane na sufi, achukue mto wa nyuzi za polista unaofulika, aufue kila baada ya miezi mitatu na aukaushe hadi ndani. Ukiubana ukahisi ubaridi katikati, haujakauka.

Midoli ya manyoya: ibaki mmoja mpendwa. Utie kwenye mfuko, uweke kwenye friza siku mbili, kisha uufue, kwa sababu baridi inaua utitiri lakini kinyesi inakiacha palepale.

7. Chandarua kifuliwe kwa sheria zake.

Hapa watu wenye bidii ndio wanaoharibu. Baada ya kusoma habari ya maji ya moto wanachemsha na chandarua chenye dawa. Usifanye hivyo. Chandarua chenye dawa kinafuliwa kwa maji ya baridi na sabuni laini, bila jiki, bila kusugua kwa nguvu, na kinaanikwa kivulini kwa kuwa jua linaiharibu dawa. Vimetengenezwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi, kwa hiyo kila miezi mitatu inatosha. Katikati ya hapo kitoe nje ukikung'ute taratibu. Malaria bado ipo. Asikushawishi mtu ulale bila chandarua kwa sababu ya chafya.

8. Punguza unyevu.

Ukiamka usitandike papo hapo. Funua shuka, acha kitanda kikauke saa moja au mbili, kwa maana jasho la usiku ndilo maji ya kunywa ya mdudu huyu. Fungua madirisha mchana, kati ya saa tano na saa kumi, hewa inapokuwa kavu kidogo kuliko ya alfajiri. Sogeza kitanda kiasi cha kiganja kutoka kwenye ukuta wa nje. Nguo zilizofuliwa zisianikwe chumbani, hata mvua ikinyesha.

Utitiri hunyong'onyea unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 50 kwa wiki kadhaa. Kwa pwani bila kiyoyozi hilo ni gumu, sitakudanganya. Mwenye kiyoyozi asafishe chujio lake kila mwezi. Mwenye feni aelekeze upepo ukaushe kitanda mchana, kisha usiku usipige moja kwa moja usoni. Wenzetu wa Arusha, Nairobi au Iringa wana hewa kavu zaidi baadhi ya miezi, wautumie mwanya huo kuanika.

9. Shika ratiba.

Kila wiki: foronya na shuka kwa maji ya moto, futa kava, piga deki, futa chini ya kitanda. Kila mwezi: mapazia, feni, juu ya kabati. Kila miezi mitatu: mito, chandarua. Kaskazi ikiingia: rudia yote tangu hatua ya kwanza, na kagua mishono ya kava.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kupulizia godoro dawa ya kunguni au mafuta ya taa. Utitiri hauishi kwa hilo, mapafu ndiyo yanayoumia, na mafuta ya taa kitandani ni moto unaosubiri kibiriti.

Kuchanganya jiki na dawa ya choo ili "iwe kali zaidi". Inatoa gesi ya sumu. Ukungu wa ukutani unasuguliwa kwa sabuni na maji, unakaushwa, kisha panatafutwa mahali maji yanapovujia.

Kufukiza udi chumbani baada ya usafi. Na mimi ni mtu wa pwani, udi naupenda, lakini moshi wake unakibana kifua chenye pumu, sawa na dawa ya mbu ya kuchoma. Fukiza nguo barazani. Chumba cha mgonjwa kinuke sabuni tu.

Kuvisha godoro moja kwenye chumba chenye vitanda viwili. Dada mtu anajigeuza kule, mdogo wake anapiga chafya huku.

Kumruhusu paka kulala kitandani. Paka ana aleji yake mwenyewe, inatoka kwenye mate na ngozi, na ikishaingia kwenye godoro hukaa miezi. Alale nje ya chumba.

Kuacha dawa ya kuvuta kwa sababu chumba kimekuwa safi. Hilo aamue daktari.

Ukikwama

*Wiki ya tatu hii, bado napiga chafya.* Ni mapema. Mabaki yaliyomo chumbani yanapungua taratibu. Jipe miezi miwili hadi mitatu. Wakati huo angalia mto kwanza, halafu blanketi lisilofuliwa, halafu kochi unalosinzia jioni ukitazama taarifa ya habari. Kochi la kitambaa ni godoro lingine.

*Kava linanitoa jasho.* Tandika juu yake shuka nene la pamba, au mawili. Usilifungue zipu usiku "lipate hewa".

*Naamka na mabaka yanayowasha, mstari mstari.* Huyo ni mwingine. Utitiri wa vumbi hauumi. Tafuta vitone vya damu kwenye shuka na weusi kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda: ni kunguni. Kama mnawashwa nyumba nzima, hasa usiku na katikati ya vidole, inaweza kuwa upele, nendeni zahanati mkatibiwe wote kwa pamoja.

*Nyumbani niko salama, nikienda kwa bibi narudi na kifua.* Beba mto wako na shuka zako. Bibi mwambie ni amri ya daktari, hatanuna. Kama pumu inakusumbua, dawa yako ya dharura isikae kwenye begi la chini.

*Nilipata nafuu, masika ikarudisha yote.* Unyevu umepanda, na huenda ukungu umeota nyuma ya kabati. Livute uangalie. Saidia na feni, fua mara nyingi zaidi, usianike ndani.

*Mtoto kakojoa na kava lina unyevu.* Vua siku ileile, sponji ianikwe hadi ikauke, kava lifuliwe. Kwa mtoto huyo shona makava mawili ya kupokezana, na chini ya shuka weka mpira wa kitandani uliobana pande zote.

*Tumefanya yote, mtoto bado anakohoa usiku.* Usinunue kitu kingine. Mpeleke hospitali, huenda si vumbi au dawa haimtoshi. Na usisubiri asubuhi ukiona anapumua kwa kasi, mbavu zinaingia ndani, hawezi kumaliza sentensi au kunyonya, au midomo inabadilika kuwa ya bluu au kijivu. Mpe dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa, mkalishe wima, tafuteni usafiri saa hiyohiyo.